Brashi ya Babu Yako Haitoki Kitendaguro

Kitendaguro,
Bukoba.
9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Kokubanza,

Pokea salamu za baba yako mdogo, mtu ambaye hapa Kitendaguro kikao hakifunguliwi mpaka nikohoe. Salamu yako ya "Kaboneka waitu" nimeipokea na kuiitikia kwa sauti, majirani wakasikia. Hujambo? Baridi ya Portsmouth imekuachia vidole? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya redio.

Senene wameanguka mwaka huu hadi tumechoka kuwanyonyoa. Mama yako mdogo Edvina amekukaangia kopo zima, linakuja na kifurushi.

Sasa hiyo historia ya manowari Harrowmere uliyoniwekea kwenye bahasha. Nimeisoma mara tatu, Kiingereza changu cha darasa la saba kikatoka jasho. Wameandika ilivyojengwa baada ya vita, ilivyozunguka Bahari ya Hindi kuzuia meli za mafuta, ilivyogongana na boti za Iceland kwa ugomvi wa samaki, mpaka ilivyouzwa ikakatwa vyuma chakavu. Hata mbwa wa nahodha yumo! Lakini baba yangu, mzee Gamaliel, aliyening'inia ubavuni mwake bandarini Mombasa siku kumi na moja mwaka 1968, akiipaka rangi kutoka mdomoni hadi mkiani, hayumo. Huyo mbwa alipaka nini?

Nasema hivi kwa sababu huku jambo limekuwa kubwa. Mwezi wa tisa, kwenye harusi ya Lilian wetu kule Muleba, nilisimama kwebuga, kujivuna mbele ya wazee kama tunavyofanya wanaume wa Kihaya. Wenzangu walishika mkuki. Mimi nikainua brashi ya babu yako, nikaanza: "Mimi Kyaruzi, mwana wa aliyeivika manowari nguo, ikatoka Mombasa inang'aa, adui akafumba macho!" Mara shemeji yangu Datius, yule mwalimu, akatoa simu.

"Kyaruzi, meli yako hii hapa mtandaoni. Wameandika mpaka mbwa. Mzee wako yuko ukurasa gani?"

"Yuko chini ya rangi, shemeji. Kwangua utamkuta."

Watu walicheka. Wazee hawakucheka. Walisema nisiitaje tena ile meli mpaka nilete uthibitisho, na Krismasi ukoo wote utakuwa hapa. Nisimame nijivunie nini, migomba? Kila mtu ana migomba! Baba alirudi kutoka Mombasa na jambo moja tu la kusimulia maisha yake yote. Yeye tumeshamzika. Jambo lake sikubali lifukiwe kwa jembe.

Ndipo barua yako ikanifufua. Huyo baharia mzee unayemhudumia hapo kwenye nyumba ya wazee, kwamba alikuwa kwenye meli hiyohiyo, na anamkumbuka fundi rangi mmoja mrefu aliyekaa juu ya ubao, miguu inaelea, akiimba nyimbo za kanisa kwa lugha wasiyoijua. Babu yako huyo! Ni Kihaya hicho. Aliimba hivyohivyo akipalilia kahawa.

Ila kwamba nitume brashi, watu wa jeshi la majini la huko waiweke kwenye kabati lao la kumbukumbu, nimekataa. Wao meli nzima walikuwa nayo, wakaikata. Sisi brashi moja tumeitunza miaka hamsini na saba. Haitoki Kitendaguro hata aje amiri wao kwa magoti. Huyo mzee wako aandike kwa mkono wake alichokiona, atie sahihi. Jina nampa mimi: Gamaliel. Fanya upesi, Krismasi haimngoji mtu, na umri wa mzee pia hautungoji.

Edvina anakusalimu, Lilian na mumewe Avit vilevile. Nisalimie mumeo Privatus, mwambie wakwe zake wanataka mjukuu. Bwana akulinde uendapo kazini na urudipo, na mvua ya huko isikuozeshe.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye bila kupunguza,

Kyaruzi Gamaliel

Nimesahau moja, usimsomee mtu. Brashi ya babu yako niliimaliza manyoya mwaka juzi nikipaka choo, bwana afya alipokuwa anakuja kukagua. Ile niliyoiinua Muleba niliinunua dukani Hamugembe, nikaisugua majivu ili izeeke. Edvina anajua, na tukigombana huwa ananitazama tu. Kitu cha kweli cha baba kilichobaki ni hicho alicho nacho huyo baharia mzee kichwani. Mpe kalamu leo.