Gari la Viti Vitano

Kaloleni, Voi
16 Machi 1996

Kwa mume wangu Bwanaheri,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, na yule kuku mweupe ameanza kutaga. Uliniomba ushauri juu ya lile gari dogo la kupandia milima unalotaka kununua huko Mombasa. Mwalimu Mwandawiro analo kama hilo, na Jumamosi iliyopita alinipakia mpaka Ronge kununua kabichi.

Uzuri wake, limeinuka, lilipita matopeni bila kuhangaika, na halinywi petroli kama pikapu ya kaka yangu. Ubaya wake, vumbi la Voi linaingia kwa mlango wa nyuma, na buti lilijaa kwa magunia mawili tu. Nyuma wanakaa watu watatu, ndio watoto wako. Mbele wewe na mimi. Limejaa.

Juzi dada yako Aliya alinipa pole kwa kuwa umemuoa Nasiha wa Likoni. Hakujua kuwa hukuniambia. Nilimtilia chai.

Kwa hivyo nunua, lakini nunua mawili yanayofanana. Sheria inataka usawa. Langu nilione hapa kabla ya Idi Kubwa.

Mkeo wa kwanza,
Mwanamvita