Paa la Padri na Hesabu ya Ukingo

Jumatatu, 1 Oktoba 1934

Miaka yangu sabini na kitu. Nimepita sotoka ya ng'ombe, funza, nzige, na Mjerumani na bunduki zake. Kuezeka nyasi, Ngara nzima hakuna wa kunishinda. Habimana naye anajiita fundi — haya. Padri kasema nikiezeka vizuri darasa lake la mviringo, paa la kanisa jipya la Nyakisasa langu pia. Nikiharibu, la Habimana.

Jumatano, 3 Oktoba

Mimi juu ya paa, chini Padri anamfundisha Mwalimu Philbert hesabu za upepo. Upepo unazunguka, kila hatua toka katikati kasi inaongezeka moja. Paa kama bakuli lililopinduliwa, toka katikati mpaka ukingo hatua tatu. Mzunguko wote unaopita kwenye paa ni kiasi gani? Philbert kajaza ubao mara nne, jasho tupu. Padri kafuta. Akazunguka ukingo tu, mstari mmoja — kumi na nane mara pai! Philbert akauliza, na katikati je? Akaambiwa agawe paa vipande vidogo, kila kimoja kinazunguka. Panapogusana viwili, huyu anakwenda huku, jirani anarudi kule, wanafutana. Kinabaki cha ukingoni. Paa liwe refu, liwe bapa, jibu lile lile.

"Ukingo unatosha, Philbert. Katikati usijisumbue."

Nilikuwa na nyasi za katikati mkononi. Nikazitupa.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimemaliza! Kazi ya siku kumi, mimi siku tano. Ukingo mnene, hata panya hapiti. Habimana kaja, shikamoo yake ina kicheko ndani. Akauliza hilo ni paa au mdomo wa chungu. Nikamwambia asiyejua pai anyamaze. Mke wangu Deodata ndiye kaniudhi:

"Baba Ansbert, mvua haikusoma kwa Padri."

Kwani mimi nilisoma? Nilisikia tu, ikatosha.

Jumapili, 7 Oktoba

Mvua. Misa imekwisha, watu wamekimbilia darasani, naandika humo humo. Katikati ziwa. Padri anasema ile ilikuwa hesabu ya upepo unaozunguka, si ya mvua inayonyesha. Leo ndiyo anasema! Nimemjibu atazame: watu thelathini, wote wamesimama ukingoni, wote wakavu. Aliyelowa ni yeye, kasimama katikati ananifokea. Kanisa la nani, bado hajatamka — kila akifungua mdomo anameza maji. Mashahidi ninao. Philbert, mkavu. Deodata, mkavu. Na Habimana mwenyewe, mkavu kabisa, kajibana chini ya nyasi zangu.