Rwanda Yetu Inakula Nyasi Kisaju

Jumapili, 2 Novemba 2025

Baada ya kanisa tumekaa mezani na Ledama, simu katikati, tukapiga hesabu ya Rwanda. Aki nimefurahi! Januari bwanangu anaenda Qatar, kandarasi ya miaka miwili. Nilimwambia: kabla uende, nipatie wiki moja yangu, Desemba. Tangu tuoane hatujawahi kulala hii nyumba ya Kitengela wawili peke yetu. Kila siku kuna mgeni kwa kochi.

Hatutaki safari ya masonko, na hatutaki ya kubeba mabegi mgongoni na kulala chumba kimoja na wazungu wanane. Ya katikati. Kwenda ndege, kurudi basi. Ledama anasema miguu yake itakufa kwa hilo basi – nikamwambia ife tukirudi. Kigali kwanza, halafu Kivu, chumba kinachoangalia ziwa. Gorila tumewafuta. Kwa hiyo bei tutawaona kwa simu.

Pesa yote imesimama Kisaju kwa baba mkwe. Ni dume. Nilimnunua akiwa ndama, na mshahara wangu wa duka la dawa. Ledama alisema pesa ya simu inaombwa na kila mtu, ng'ombe haiombwi. Kweli kabisa. Rwanda yetu inakula nyasi.

Jumamosi, 8 Novemba

Kisaju. Muema wa bucha alikuja kuona dume, na bei yake imefikia hesabu yetu, hadi zawadi ya kumletea mama yangu iko ndani! Atamchukua Jumamosi ijayo.

Weee, lakini imenona! Nyeusi ti, hakuna doa, pembe sawasawa. Mzee Leshan, baba mkwe, akaizunguka polepole, akasema tangu kile kiangazi kilichomaliza mifugo hajaona ng'ombe kama hii. Nikajisikia mfugaji. Mimi, msichana Mjaluo wa Siaya!

Jumanne, 11 Novemba

Wazee wamepita kwa Mzee Leshan. Wanatafuta dume wa sherehe ya rika – rika ya Ledama, Wamaasai waliotahiriwa pamoja naye. Lazima awe rangi moja, hana doa, hana kovu. Ledama ameniambia akivua viatu, bila kuniangalia.

Si watapata mwingine? Amesema wamezunguka mpaka Kiserian. Ati hawajasema kitu. Wameangalia tu.

Wameangalia nini sasa!

Alhamisi, 13 Novemba

Imechaguliwa.

Mama mkwe amenipigia simu na vigelegele. Jirani yangu Kakenya ameleta sukari. Watu wananipongeza kama nimejifungua! Nikamuuliza Ledama, italipwa? Hailipwi, Akoth, ni baraka. Nikamwambia baraka haituwekei chumba Kivu. Akacheka kidogo.

Nikasema basi kataa. Akaniuliza, mtu akinyima rika yake ng'ombe, atazikwa na nani? Na yeye akiwa Qatar, nikigonjeka usiku, nitaita nani?

Niko na hasira na sina wa kukasirikia. Mzee hana makosa, wazee hawana, Ledama hana. Na sherehe iko Desemba, wiki ile ile yetu, kwa hivyo hata nikikopa ni bure.

Muema nimempigia mimi mwenyewe. Akasema pole mama, hiyo si ya kushindana nayo.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeangalia picha ya kile chumba cha Kivu. Bado kiko wazi. Nimezima simu.

Jumamosi, 15 Novemba

Wazee wako sebuleni kwangu. Mzee Leshan aliwaambia wazi: ng'ombe ni ya mke wa Ledama, muulizeni yeye. Kwa hivyo wamekuja. Takwenya! wakanisalimu Kimaasai, nami nikaitikia: Iko. Nikainamisha kichwa kwa kila mmoja.

Yule mkubwa ameongea Kiswahili ndio nielewe vizuri. Ati mtoto wangu, ng'ombe kwa nguvu hatuchukui. Ikitoka na machozi, inaharibu sherehe na inaharibu rika. Sema kwa mdomo wako. Ukisema hapana tutaenda, na hakuna ubaya.

Hakuna ubaya! Wanaume wazima na shuka zao, wametoka Kisaju asubuhi, na hakuna ubaya!

Nikasema wacha nilete chai. Chai iko tayari kitambo. Mimi niko bedroom, naandika juu ya goti. Naweza kusema hapana. Ni neno moja tu, na wameniuliza kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na mtu. Heshima yenyewe ndiyo imenifunga. Naogopa. Nataka wiki yangu na bwanangu, basi, sitaki kitu kingine.

Ledama ameingia, akafunga mlango. Nikamuuliza: na wewe unataka nini? Sema wewe, mara moja tu. Ameloanisha kitambaa, akanipangusa macho, moja halafu lingine, polepole, akaniinua kidevu kwa mwangaza wa dirisha kuangalia kama kuna alama ya machozi imebaki, wazee wasije wakaiona.

Sasa amesimama mlangoni na birika ya chai. Ananingoja nimalize kuandika.