Nabeba Kompyuta Mbili Ili Binti Yangu Asijue

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana ikipita hiyo sitakuwa na la kusaidiwa.

Mimi ni fundi wa vifaa vya kusikia, vile vidude vya kuvaa sikioni, nazunguka zahanati za miji midogo, leo hapa kesho kule, nikiwarekebishia wazee sauti, na kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, unachomeka waya, unafungua programu, unapandisha hapa, unashusha pale, mgonjwa anakunja uso, unashusha tena. Programu yenyewe ni ya zamani, walioitengeneza walishaisahau, na inaishi ndani ya kompyuta yangu kuukuu ambayo manesi wameibatiza Tofali, na humo mna vipimo vya wagonjwa mia mbili na kumi, kila mmoja na masikio yake.

Mwaka jana bega la kushoto lilianza kunisumbua, na binti yangu mkubwa, ambaye hawezi kuona mtu analalamika halafu akakaa kimya, akaiweka Tofali kwenye mizani ya jikoni, mizani ikafika mwisho na kugoma, akasema, "Baba, unabeba mtoto mchanga kila siku, na huyu hakui wala haanzi kutembea." Akapima mkoba wangu kwa futi, akauliza betri ikae saa ngapi, akanishika vidole aone kibodi kiwe kipana kiasi gani, akazunguka maduka wiki tatu, akaniletea kompyuta ndogo nyepesi kama sahani, na swali moja tu halikuulizwa, yeye kwa kutojua na mimi kwa kuogopa jibu: je, itafungua programu yangu?

Haikufungua. Nilijifungia chumbani nikajaribu, ikaniandikia kwa adabu kabisa kwamba programu hii haiwezi kutumika hapa, na waya wangu nao haukuona tundu la kuingia, nikatokea sebuleni, binti akauliza, "Vipi baba, inafanya kazi?" nikasema, "Inaruka, mwanangu!"

Tangu siku hiyo nabeba zote mbili, mpya ya kuonekana mlangoni, Tofali chini ya taulo kwenye mkoba wa pili. Mke wangu anajua. Anasema, "Afadhali, baba watoto. Zamani ulipinda upande mmoja, sasa unazama wima."

Wiki mbili zilizopita nilichoka nikasema liwalo na liwe, nikaiacha Tofali nyumbani. Siku hiyo akaja bibi mmoja, mshonaji mstaafu, kabadilisha magari mawili kufika, kifaa chake kinapiga mluzi kama birika, nami nikafungua kompyuta mpya, nikabonyezabonyeza ili kuonekana nafanya jambo, nikakifuta kifaa kwa kitambaa, nikamrudishia, nikauliza, "Bibi, sasa unasikia?" Akanitazama midomo, akatabasamu, akasema, "Nasikia vizuri, mwanangu, Mungu akuzidishie." Alipofika mlangoni nesi akamwita mara tatu kwamba amesahau mwavuli. Hakugeuka.

Sasa binti kasema Jumamosi anakuja kuichukua Tofali, kuna rafiki yake anataka kuifungua atoe vipuri. "Si huitumii tena, baba?" Nikajibu, "Ya nini tena?" Mshauri, nimechoka. Nimefikiria kuiangusha hii mpya kwa bahati mbaya. Nifanyeje?

Ni mimi, Mwenye Mikoba Miwili.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Mikoba, pole kwa bega. Pole yangu inaishia hapo.

Kila wiki naletewa barua za wanaume wanaoficha wa pili. Wewe ndiwe wa kwanza kuficha wa kwanza. Na hiyo bahati mbaya unayoipanga, iache. Binti wa aina hiyo ukiivunja atakuletea nyingine ileile, tena na kava.

Tuanze na yanayoshikika. Nilimpelekea barua yako fundi wa kompyuta aliye jirani na ofisi yetu, mama wa maneno machache. Aliisoma amesimama, akasema, "Hawa wamenunua gari kabla ya kuuliza kama barabara ipo." Kwa maelezo yake, baadhi ya hizi kompyuta nyepesi zina injini ya jamii ya simu, na programu za kizamani hazielewani nayo hata uzibembeleze. Kama yako ni hiyo, ibadilishe kwa yenye injini ya ukoo mmoja na Tofali, hata ikizidi uzito kidogo. Hapo panawezekana kuwekwa ndani yake mazingira ya kompyuta ya zamani, programu yako ikaamka ikadhani bado ni enzi zake. Waya nao una kiunganishi cha kuurefushia maisha, ila si kila kiunganishi hukubali. Kwa hiyo nenda dukani na waya wako, programu yako na kifaa kimoja cha sikioni, ujaribu palepale juu ya meza ya muuzaji. Akikwambia "itakubali tu, mzee," mwambie na ikubali sasa.

Kabla ya hayo, nakili mafaili ya wagonjwa wako wote mahali pawili tofauti. Mia mbili na kumi, ndani ya mashine moja, chini ya taulo! Na Tofali haiendi kwa rafiki wa mtu. Itakaa kabatini na chaja yake mpaka mpya imalize miezi mitatu ya kazi bila kukuaibisha.

Sasa, duka halibadilishi kitu bila risiti. Risiti anayo nani? Hukuandika, lakini mtu anayepima mkoba kwa futi hatupi risiti. Unaona njia yote inapopita? Inapita kwa binti yako.

Unaogopa kumvunja moyo. Mzee mwenzangu, yule bibi naye aliogopa kukuvunja wewe, akakwambia anasikia. Ukautazama mgongo wake pale mlangoni ukajua. Unadhani binti yako hautazami wako? Mtoto aliyeona bega moja likishuka ataona na mawili.

Mwite leo, usingoje Jumamosi. Weka kompyuta zote mbili mezani, fungua ile mpya, mwache asome mwenyewe ilichokuandikia. Usianze na "samahani kwa usumbufu" kama tangazo la kukatika maji. Sema, "Mwanangu, nilikudanganya, na nahitaji msaada wako tena." Atakasirika. Kisha atachukua futi.

Halafu wiki hiihii, kabla ya duka na kabla ya bega, beba Tofali kwa mara nyingine, umfuate yule mshonaji aliko. Asipande tena magari mawili kwa ajili ya uongo wako. Mrekebishie. Ukimaliza usimuulize ukiwa usoni pake, anasoma midomo na ana adabu kukuzidi. Simama nyuma yake, umuulize mwavuli wake uko wapi. Akigeuka, funga mkoba uende nyumbani. Asipogeuka, kaa chini uanze upya.