Chanya Si Pongezi

3 Machi

Mdogo wangu,

"Kipimo ni cha mgonjwa, mimi siumwi popote." Ndivyo ulivyoniandikia, kisha ukajitia kuniuliza hali. Hali yangu njema, ila umenipandisha presha. Mama naye hakuumwa popote, mpaka siku alipoumwa kila mahali. Matone yake ya damu aliyaita uchovu, nasi tukamwamini.

Sikia. Saratani ya mlango wa kizazi huanza na kirusi, na kirusi hicho hukaa miaka mingi kabla ya kuharibu. Siku hizi kinasakwa mapema. Hakuna kulazwa miguu juu mbele ya mgeni: unapewa kijiti chenye pamba, unajipima mwenyewe, unakirudisha. Kirusi kikionekana, unatazamwa, sehemu iliyoanza kubadilika inaunguzwa kwa joto dakika chache, unarudi kwako kwa miguu yako. Enzi za Mama hayo hayakuwepo. Wewe una kisingizio gani?

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo,

Sisi wazima, hofu ni kwako na hiyo presha. Barua yako fundi mwenzangu kaisoma kwa sauti kabla yangu, kama kawaida yake. Akasema, "Huyu dada yako hata akiomba chumvi anagomba."

Haya, umeshinda. Muuguzi alipita na vijiti, tukajipima sote wawili nyuma ya pazia la wateja kujaribia nguo. Niko humo, mteja ananiita: "Fundi, mbona sketi inanibana?" Nikamjibu, "Subiri, na mimi nimebanwa!" Tulicheka hadi sindano ikatushinda kushika.

Mdogo wako

14 Aprili

Dada, shikamoo tena,

Furaha! Majibu yameingia kwenye simu: "Kirusi: CHANYA. Fika kliniki." Chanya, dada! Nimepiga magoti palepale kwenye vipande vya vitambaa. Mwenzangu kapata hasi, maskini. Analia tangu asubuhi, nimemwachia kiti chenye mto.

Kliniki nitafika sare za shule zikiisha; nadhani wananiitia cheti, na cheti hakiozi. Kuna damu kidogo inanitoka katikati ya mwezi, lakini ni kukaa sana kwenye cherehani, na majibu si ndiyo hayo mazuri? Simu yenyewe nimeitumbukiza kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa, kwa hiyo niandikie.

Mdogo wako mwenye chanya

2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba zote. Nimerudi leo kutoka safari ya kazi, barua yako nimeikuta chini ya mlango. Imelala hapo zaidi ya miezi miwili.

Chanya hapo si pongezi. Maana yake kirusi kimeonekana. Sisemi una saratani. Sijui, na huko kutojua ndiko kunakonila. Hiyo damu si ya cherehani. Ni maneno ya Mama hayo, umeyarudia bila kujua.

Na neno hilo ni langu. Mwaka jana tuliketi kamati ya kutafsiri ujumbe wa majibu. Muuguzi mmoja akataka tuandike, "Kirusi kimeonekana, njoo utazamwe." Nikamshukia: hiyo si istilahi, ni maneno ya kibarazani! Nikapiga meza, nikashinda. Sikuwahi kuogopa kushinda hadi leo. Nimeshamwandikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Namba ya simu ya mwenzako sina, na basi la leo limejaa. Dereva amekubali kubeba barua. Mimi nimepata kiti cha keshokutwa.

Lakini najua wewe si wa kwanza kuisoma. Kwa hiyo sikia wewe, fundi mwenzake, uliyelilia hasi: futa machozi, kwako hakikuonekana kitu. Safari hii usisome kwa sauti. Weka mkasi chini, sare ziache zilivyo bila mikono, umshike huyo mdogo wangu umpeleke kliniki. Si kesho. Sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii.

Dada yenu