Pole Imepigwa Marufuku Nyumbani

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi hajambo? Na binti yenu, meno ya mbele yameota au bado anacheka kizee? Sisi huku wazima, tunakula na kugombana kama ulivyotuacha. Baba kapunguza kukohoa, ila ubishi uko palepale.

Sasa kaa vizuri, maana nina ugomvi na wewe.

Ni habari ya mgongo wa Mama. Tangu ateleze kwenye ngazi mwaka jana hajashona hata kitambaa cha meza. Akiinuka anakunja uso, akiinama machozi. Mwezi uliopita akaanza kuulizia mtu wa kununua cherehani yake. Kaka, Mama bila cherehani ni nani?

Tukampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya amri. Baba kampachika jina la Sajini. Sajini akatazama picha za eksirei, akampapasa Mama mgongo, akasema mfupa ulishapona zamani. Baba akadakia, "Kumbe anadeka!" We! Alivyogeukiwa na Sajini, alitamani sakafu immeze.

Sajini alisema maumivu ni ya kweli kabisa, ila hayatoki tena kwenye mfupa. Uti wa mgongo unapeleka habari, na ubongo ndio unaoamua zisikike kwa sauti gani. Ubongo ukiingiwa na hofu unaongeza sauti, misuli inakakamaa hata kabla mtu hajanyanyuka, na kule kukakamaa nako kunauma. Basi hofu inaongezeka tena. Dawa ni kusogea, kidogo kidogo, mpaka ubongo uamini kwamba hatari imepita.

Kisha akauliza nyumbani tunaishi naye vipi. Tukajisifu weee! Mito kila kiti, maji tunamletea, na akijaribu tu kusimama nyumba nzima inaitika, "Pole Mama! Taratibu Mama!" Sajini akashika kichwa. "Nyie ndio mnaomtisha," akasema.

Basi neno pole likapigwa marufuku. Ilikuwa kazi kwelikweli. Mjomba alikuwa akijiziba mdomo kwa kiganja. Mama akanuna, akadai hatumpendi tena. Tukakaza roho. Sasa anafagia, anapanda ngazi mwenyewe, na jana alikaa kwenye cherehani. Mkasi ukamponyoka. Akainama, akauokota, akaendelea kushona. Baba akatoka nje, nikamkuta analia.

Aliyebaki ni wewe. Kila Jumapili unapiga: "Mgongo vipi Mama? Pole sana, usijichoshe, lala." Ukikata simu, anatembea kajikunja mpaka Jumanne. Najua uko mbali na unaona pole ndiyo kitu pekee unachoweza kumpa. Linaniuma hilo, Kaka. Lakini acha. Mbishie kama zamani, mchekeshe, mwombe ushauri hata kama huuhitaji.

Msalimie wifi, mbusu mtoto. Baba na mjomba wanakusalimu. Mungu awafunike wote kwa rehema zake.

Mama amesimama nyuma yangu, anasoma yote haya na kunifinya bega. Anataka vipimo vya binti yako: urefu, kifua na kiuno. Anasema usichelewe, kitambaa cha gauni kiko tayari mezani.

Mdogo wako anayekupenda hata ukinuna,
Chiriku