Redio ya Kulinda Mizinga ya Maganga

Maganga, mtani wangu,

Kaa kwanza. Habari hii ukiisikia umesimama unaweza kufa mara ya pili. Redio inaongea! Ile ya kufukuza nyegere, wale wezi wa asali, kwenye mizinga yako ya nyuki, uliyoianza ukaiacha njiani. Inaongea mpaka asubuhi! Na aliyeimaliza ni mimi, Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo, uliyekuwa ukinitangaza Kanyenye nzima kwamba niliishia darasa la sita kwa sababu la saba lilikuwa na ngazi.

Tulipokuzika nilifanya utani wangu wote. Nilishika jembe nikagoma kuliachia mpaka nikapewa soda, nikaiga na mwendo wako. Watu wakacheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba... basi, hayo tuyaache.

Arobaini ilipopita, mkeo Mama Kabula akaniita. "Shemeji, mizinga nauza. Nyegere wananimaliza, na mimi siwezi kulala porini kama mwenzangu."

Mizinga yako, Maganga! Niliona kama tunakuzika tena. Nikamwambia, nipe msimu mmoja tu.

Wewe ulishindwa na betri za mawe, kila ukizinunua zinakwisha. Mimi nikaenda kwa mafundi wa kompyuta, nikaomba betri za laptopu walizotupa. Ukiipasua moja, taratibu isikulipukie, ndani unakuta vibetri vinene kidogo kuliko vya rimoti. Nikapima kimoja kimoja. Vingi vizima kabisa! Vichache tu vilikuwa vinawaangusha wenzao. Nikaunga vile vizima, nikaweka kibao cha kuchajia na sola ndogo, upana wa daftari. Nimefanya biashara Kariakoo, nimefika Bujumbura, lakini redio ile ilipowaka nilicheza peke yangu porini kama mwendawazimu.

Kiangazi chote ikaongea: mpira, mahubiri, matangazo ya dawa za kuku. Nyegere kwa mahubiri hawezi, mtani, anakimbia kuliko wewe.

Kisha ikanyamaza. Nikakuta mizinga miwili iko chini, imepasuliwa. Mama Kabula akaokota masega. Nikalaumu betri, nikalaumu Wachina, na wewe nikakulaumu kidogo. Kumbe ni miti yenu ya miombo! Niliifunga sola miti ikiwa mitupu. Majani mapya yalipotoka, ikashinda kivulini, betri zikafa njaa. Mnyamwezi kama wewe angelijua hilo akiwa usingizini.

Nikapanda na sola mpaka kileleni mwa mti. Ndiyo, mimi! Mama Kabula chini ameshika kamba: "Shemeji, ukianguka tunakuzika hukuhuku, nauli ya Pwani hatuna!" Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu uondoke sikuwahi kumsikia akicheka.

Mvua zimekuja, mawingu yamekuja, redio haijanyamaza tena. Tumerina asali, ndoo zimejaa. Jana mnunuzi wa mizinga akabisha hodi, na mkeo akamjibu akiwa mlangoni: "Mizinga ya Maganga haiuzwi. Ukitaka, nunua asali." Akanigeukia: "Na wewe usikae, ile ya ng'ambo ya mto nayo inataka redio."

Haya, mtani. Sikwambii upumzike, hata ulipokuwa hai kupumzika kulikushinda. Nakuahidi, nikiwa na pumzi, mkeo hatalala porini. Babu zako walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka kwetu pwani. Huu wako niachie mimi, nimeshajitwisha.

Mtani wako,
Kibwana